Bei ya Devon Toews

Tarehe 12 Oktoba 2020, klabu ya magongo ya barafuni ya New York Islanders ilimwachia beki wake Devon Toews aende Colorado Avalanche. Kilichorudi hakikuwa mchezaji wala fedha. Ilikuwa haki ya kuchagua vijana wawili: mmoja katika raundi ya pili ya uteuzi wa chipukizi wa mwaka 2021, mwingine katika raundi ya pili ya mwaka 2022. Toews alikuwa na miaka 26. Msimu uliokuwa umetoka kumalizika alicheza mechi 68, akafunga mabao 6 na kutoa pasi za mabao 22, kwa mshahara wa takriban dola 700,000, ambao kwa ligi ya NHL ni mshahara wa mtu anayekaa karibu na mlango wa kutokea.

Miezi ishirini baadaye, usiku wa kuamkia 27 Juni 2022, saa tisa kwa saa za Afrika Mashariki, Colorado waliingia barafuni mjini Tampa kucheza mechi ya sita ya fainali. Walishinda 2–1 na kubeba Kombe la Stanley. Mabao yalikuwa ya Nathan MacKinnon na Artturi Lehkonen, na tuzo ya mchezaji bora wa hatua za mtoano ilikwenda kwa Cale Makar, beki wa kulia. Pembeni ya Makar, upande wa kushoto, zamu baada ya zamu, alikuwepo Toews. Msimu ule alikuwa amepata pointi 57, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja, katika mechi 66, akicheza takriban dakika 25 kati ya 60 za kila mechi. Alilipwa dola milioni 4.1 kwa mwaka.

Nimeufuatilia ubadilishanaji huu kwa miaka kadhaa, kwa sababu ndani yake limo swali ambalo kila meneja mkuu wa ligi ile hukutana nalo mapema au baadaye. Una beki mzuri, na mkataba wake ni mdogo kuliko kazi yake. Klabu nyingine zinabisha hodi. Je, umtoe wakati thamani yake iko juu, au umshikilie? Wengi hujibu kwamba inategemea unapewa nini. Mimi naona kuna swali linalotangulia hilo: ni nani mwingine aliyemo kwenye daftari lako la mishahara, na huyu beki anamlipia nani?

Mpenzi wa soka wa Dar es Salaam au Nairobi itabidi aweke kando kwanza mazoea yake. Klabu ya soka ikimuuza beki inalipwa ada ya uhamisho. Fedha inaingia benki, na kesho inaweza kumnunua mwingine. NHL hakuna ada ya uhamisho. Mchezaji hubadilishwa kwa mchezaji, au kwa nafasi ya kuchagua chipukizi, au kwa mchanganyiko wa vyote viwili. Anahama na mkataba wake ulivyo, na klabu mpya inaupokea kwa bei ileile, isipokuwa klabu ya zamani ikubali kubaki na sehemu ya mzigo, ambayo haizidi nusu.

Halafu kuna kikomo cha mishahara. Kilianza msimu wa 2005–06, baada ya mgogoro kati ya wenye klabu na chama cha wachezaji kuufuta msimu mzima uliotangulia. Mwaka ule wa kwanza hakuna klabu iliyoruhusiwa kuwa na mishahara inayozidi dola milioni 39. Kufikia 2019–20 kikomo kilikuwa kimepanda hadi milioni 81.5. Tajiri mwenye klabu New York na mwenzake wa mji mdogo wa nyanda za Canada wote wanakatiwa kitambaa chenye urefu mmoja, na hakuna anayeweza kununua mita moja zaidi. Ndiyo maana nasema katika mchezo huu mshahara wa mtu ni sehemu ya kipaji chake. Beki anayecheza kama mtu wa milioni 7 huku akilipwa milioni 4 anakuachia milioni 3 mkononi. Milioni hizo hazina jina kwenye mkataba wowote, ila zinamlipa mtu mwingine. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona mahali ambapo maneno hayo yanafaa kama katika ofisi ya meneja mkuu wa klabu ya NHL.

Na kwa nini beki hasa? Winga mzuri anayelipwa kidogo naye ana faida, lakini beki ana hesabu yake. Timu huanza na kipa na wachezaji watano wa uwanjani, watatu wa mbele na mabeki wawili. Katika orodha ya mechi kuna wachezaji kumi na wawili wa mbele na mabeki sita tu, wanaogawanywa jozi tatu. Zamu moja barafuni haifiki dakika; mtu anaruka ubao, anakimbia kwa nguvu zake zote, anarudi benchi akihema. Mshambuliaji wa kwanza wa timu hucheza dakika 20 hivi. Beki wa kwanza hucheza 24 au 25, na zile zilizo ngumu zaidi: dhidi ya washambuliaji bora wa wapinzani, mwishoni mwa mechi, au timu yake ikiwa na mtu pungufu aliyetolewa kwa adhabu. Ukimpoteza, dakika zake hazipotei naye. Zinamwangukia aliyekuwa chini yake, ambaye naye anaziacha zake kwa aliye chini zaidi, na kufikia jozi ya tatu unakuta kijana ambaye bado anajifunza akikabiliana na watu waliomzidi.

Ubora wa beki, tena, hauonekani kirahisi. Toews si mtu wa kubamiza wapinzani ukutani mashabiki wakapiga makofi. Kazi yake kubwa huanzia nyuma ya goli lake mwenyewe. Kisahani cha mchezo kinatupwa kule pembeni, washambuliaji wawili wanakuja kwa kasi mgongoni mwake, na yeye kabla hajakigusa ameshageuza shingo mara mbili kuangalia. Anakichukua, anazunguka upande ambao hawakuutarajia, na pasi inatoka ikiwa imelala juu ya barafu hadi kwenye gongo la mwenzake aliye katikati. Sekunde tatu hazijaisha timu yake inashambulia. Hakuna takwimu ya gazetini inayoyahesabu hayo. Anayetazama mabao tu anaweza kuona mtu wa kawaida, na meneja wa klabu nyingine mwenye macho makali akaona hazina.

Mabeki pia huchelewa kukomaa. Mshambuliaji mwenye kipaji anaweza kuingia ligi kuu akiwa na miaka 18 na kufunga. Beki anahitaji kukosea mara nyingi mahali ambapo kosa halimwangushi kila mtu. Islanders walimchagua Toews mwaka 2014 akiwa wa 108, raundi ya nne, wakamwacha amalize mafunzo yake katika timu ya Chuo Kikuu cha Quinnipiac, kisha wakamweka katika timu yao ya daraja la chini kule Bridgeport. Mechi yake ya kwanza ya NHL alicheza Desemba 2018. Ni miaka minne na nusu ya kusubiri. Waliivuna subira hiyo kwa mechi 116 za msimu wa kawaida, basi.

Sasa, kwa nini wamtoe? Meneja mkuu wao, Lou Lamoriello, hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Alikuwa ameshashinda Kombe la Stanley mara tatu akiwa New Jersey. Timu yake ilikuwa imetoka kucheza nusu fainali. Tatizo lilikuwa janga la korona. Viwanja vilikuwa vitupu, mapato yalianguka, na ligi ikaamua kikomo kibaki palepale penye milioni 81.5. Klabu zilizokuwa zimepanga mikataba zikiamini kikomo kitaendelea kupanda zilijikuta zimebanwa. Islanders walikuwa na wachezaji watatu muhimu ambao mikataba yao ilikuwa imekwisha lakini bado walikuwa chini ya haki za klabu: Mathew Barzal, mchezeshaji wao, Ryan Pulock, beki wa kulia, na Toews. Kila mmoja alistahili nyongeza kubwa. Toews alikuwa na haki ya kupeleka madai yake kwenye usuluhishi, ambako mtu wa tatu angempangia mshahara, na klabu ingelazimika ama kuukubali ama, ukizidi kiwango kilichowekwa, kumwachia.

Ukifungua daftari lao la wakati ule unaona palipovuja, na hapakuwa kwa Toews. Andrew Ladd, winga aliyesajiliwa mwaka 2016 kwa miaka saba, alikuwa akibeba dola milioni 5.5 kila mwaka, na kufikia wakati huo hakuwa tena mchezaji wa timu ya kwanza. Johnny Boychuk, beki aliyekaribia miaka 37, alikuwa na milioni 6. Hao wawili peke yao ni milioni 11.5. Mishahara ya Toews na Pulock, na sehemu ya mshahara wa Barzal, ingeweza kutoka hapo. Lakini wachezaji ambao klabu nyingine zilikuwa tayari kuwachukua ni wale wazuri, si wale waliochoka. Ndivyo soko lilivyo. Anayebanwa na deni huuza ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa mbuzi mgonjwa hana mnunuzi.

Wiki sita baada ya Toews kuondoka, tarehe 25 Novemba, klabu ilitangaza kwamba Boychuk hatacheza tena kwa sababu ya jicho. Alikuwa amekatwa na chuma cha kiatu cha kutelezea katika mechi ya mwezi Machi. Sheria za ligi zinaruhusu klabu kuvuka kikomo kwa kiasi cha mshahara wa majeruhi wa muda mrefu, kwa hiyo milioni 6 zikapata nafasi ghafla. Siwezi kusema Lamoriello alijua kiasi gani kuhusu jicho hilo mwezi Oktoba, na sipendi kumhukumu mtu kwa jambo lililojitokeza baadaye. Lakini kila nikipanga tarehe hizo mbili pamoja naumia kwa niaba ya mashabiki wa Islanders. Barzal alisaini Januari 2021. Yeye aliweza kusubirishwa hadi wakati huo.

Kisha likaja la Ladd. Julai 2021 Islanders walifanikiwa kumwondoa, wakampeleka Arizona. Arizona hawakutoa chochote cha maana. Ndio waliolipwa ili wampokee. Malipo yenyewe? Nafasi mbili za raundi ya pili, na juu yake nafasi moja ya raundi ya tatu yenye masharti. Soma tena walichopewa kwa Toews. Nafasi mbili za raundi ya pili. Kwa maneno mengine, katika muda wa miezi tisa klabu ilimtoa mmoja wa mabeki bora wa kizazi chake, ikapata kitu, na kitu hicho, kwa aina na idadi, ikakitumia kulipia kufutwa kwa mkataba wa mtu asiyecheza, na bado ikaongeza. Nafasi mojawapo waliyopewa Arizona, ya 60 kwa jumla, ilitumika kumchagua Mswisi Janis Moser. Naye ni beki, na hakukawia kuwa beki wa kweli wa NHL.

Hapo ndipo ninapoiona hoja nzima. Beki wa bei nafuu ndiye anayeifanya klabu iweze kustahimili makosa yake. Ukimtoa ili kulipia kosa, umelitunza kosa na kuutupa uwezo wa kulibeba. Kama Islanders walikuwa tayari kulipa nafasi mbili za raundi ya pili kumwondoa Ladd mwaka 2021, ilifaa walipe mwaka mmoja kabla, hata kama bei ingekuwa juu kidogo, na Toews abaki.

Lazima niseme pia lililo upande wao. Msimu uliofuata, bila Toews, walifika nusu fainali tena, na walitolewa na Tampa Bay katika mechi ya saba kwa bao moja kwa bila. Adam Pelech na Pulock walikuwa jozi nzuri sana. Kijana Noah Dobson alipanda na kuchukua nafasi iliyoachwa. Kwa hiyo asije mtu akasema timu ilianguka kesho yake. Iliporomoka taratibu, kama ukuta wa udongo uliotolewa jiwe moja la chini. Julai 2021 beki mwingine wa kushoto, Nick Leddy, akapelekwa Detroit kwa sababu ileile ya mishahara. Septemba wakamrudisha Zdeno Chara, mtu mkubwa kwa kimo na kwa heshima, aliyeanzia maisha yake ya NHL palepale Islanders, akiwa sasa na miaka 44. Msimu wa 2021–22 hawakufika hatua ya mtoano. Mwisho wa msimu huo Colorado walikuwa wakilizungusha kombe.

Je, kuna wakati ambapo kumtoa beki wa namna hii ni sahihi? Upo, na mfano ninaoupenda ni wa Nashville. Januari 2016 walimtoa Seth Jones, beki mrefu wa miaka 21 waliyemchagua wa nne mwaka 2013, aliyekuwa bado kwenye mkataba wake wa kwanza, mkataba mdogo kuliko yote. Wakapata Ryan Johansen wa Columbus, mchezaji wa kati. Kwa jicho la haraka unaona walitenda kosa lilelile la Islanders. Tofauti iko kwenye kile walichobaki nacho. Walikuwa na Shea Weber, na nyuma yake Roman Josi kwa dola milioni 4 kwa mwaka, Mattias Ekholm kwa 3.75 na Ryan Ellis kwa 2.5. Majira ya joto yaliyofuata Weber alibadilishwa na P.K. Subban, na mwaka 2017 Nashville wakafika fainali ya kombe wakiwa na hao watatu wa bei nafuu, ambao kwa pamoja walikula milioni 10.25 katika kikomo cha milioni 73. Jones asingeweza kuwa zaidi ya wa nne katika ukuta ule. Wakati huohuo hawakuwa na mchezaji wa kati wa daraja la kwanza, na mchezaji wa namna hiyo huwa haachiliwi na klabu yoyote ila kwa kitu kinachouma. Walitoa kinachouma, wakapata wasichokuwa nacho. Kwamba fainali ile walishindwa na Pittsburgh, Johansen mwenyewe akiwa nje kwa jeraha la paja, haibadilishi ubora wa uamuzi.

New Jersey walikwenda mbali zaidi. Tarehe 29 Juni 2016, siku ileile ya Weber na Subban, walimtoa Adam Larsson, beki wa kulia mwenye mkataba wa takriban milioni 4.2 kwa mwaka na miaka mitano iliyobaki, mtu kwa mtu, kwa Taylor Hall wa Edmonton. Hall alikuwa chaguo la kwanza la mwaka 2010. Mwaka 2018 alimaliza na pointi 93, akapewa tuzo ya mchezaji mwenye thamani zaidi katika ligi, na New Jersey wakarudi hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2012. Edmonton hawakuwa wapumbavu. Walihitaji beki wa kulia, na mwaka 2017 waliingia hatua ya mtoano baada ya kuikosa tangu 2006. Lakini walilipa bei ya mwenye njaa. Mkataba wa Larsson, ule udogo wake na urefu wake, ndio uliompandisha hadi akatosha kubadilishwa na mshambuliaji bora. Bila miaka mitano ile ya bei nafuu sidhani kama simu ingepokelewa.

Linganisha mabadilishano hayo na yale ya Toews. New Jersey walikuwa na uhuru wa kusema hapana, na Nashville pia. Islanders hawakuwa nao, na kila aliyepiga simu alijua. Klabu iliyobanwa na kikomo haina siri, maana mikataba yote inajulikana na hesabu anaweza kuifanya mtoto wa shule. Joe Sakic wa Colorado hakuhitaji ujanja wowote. Alihitaji kuwa na nafasi kwenye daftari lake siku ambayo mwenzake hana.

Hata Islanders wenyewe walionyesha baadaye jinsi uhuru unavyobadilisha bei. Juni 2025, chini ya meneja mkuu mpya Mathieu Darche, walimpeleka Dobson Montreal. Dobson hakuwa tena wa bei nafuu. Alikwenda akiwa na mkataba mpya wa miaka minane, dola milioni 9.5 kwa mwaka. Islanders wakapata nafasi mbili za raundi ya kwanza, ya 16 na ya 17, pamoja na mshambuliaji Emil Heineman. Na siku hiyohiyo walikuwa na chaguo la kwanza la uteuzi wote, wakalitumia kumchukua beki, Matthew Schaefer. Beki ghali alileta zaidi ya mara mbili ya kile alicholeta beki wa bei nafuu. Sioni maelezo mengine zaidi ya hali ya muuzaji.

Kuna wanaotumia hoja ya umri, na hiyo siipuuzi. Juni 2017 Chicago walimtoa Niklas Hjalmarsson, Msweden aliyekuwa na makombe matatu nao, wakampata Connor Murphy wa Arizona na kijana mwingine mmoja. Hjalmarsson alikuwa na miaka 30, milioni 4.1 kwa mwaka, miaka miwili imebaki. Murphy alikuwa na miaka 24, milioni 3.85, miaka mitano imebaki. Ukiandika namba hizo ubaoni, Chicago walifanya vizuri: beki mdogo zaidi, nafuu zaidi, kwa muda mrefu zaidi. Hjalmarsson aliumia mara kadhaa huko Arizona, na Murphy alidumu Chicago kwa miaka mingi. Hata hivyo mwaka uliofuata Chicago walikosa hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2008. Kipa wao Corey Crawford aliumia katikati ya msimu, na hilo ndilo lililowaangamiza kuliko lolote. Lakini kocha Joel Quenneville alikuwa amempoteza mtu ambaye kwa misimu tisa alimtuma barafuni dhidi ya wakali wa wapinzani bila kumwambia la kufanya. Kwenye karatasi pengo hilo halina namba. Mimi uamuzi ule nauita wa haki lakini wa pupa. Mwaka mmoja zaidi ungemruhusu Murphy ajifunze pembeni ya mkongwe mwingine kabla ya kubebeshwa mzigo wake.

Turudi Colorado, maana wao ndio walioelewa vizuri zaidi ziada ya beki nafuu inatumika wapi. Walimpa Toews miaka minne, dola milioni 16.4 kwa jumla. Msimu wa kombe MacKinnon alikuwa bado kwenye mkataba wa zamani wa milioni 6.3 kwa mwaka, deni ambalo angeweza kulidai kwa hasira lakini hakulidai. Makar alikuwa na milioni 9, Mikko Rantanen 9.25. Wanne hao, mmoja wao mchezaji bora wa hatua za mtoano na mwingine mmoja wa wachezaji bora duniani, waligharimu milioni 28.65, zaidi kidogo ya theluthi ya kikomo. Theluthi mbili zilizobaki zilinunua kikosi kirefu ambacho Tampa hawakukiweza. MacKinnon huyo ndiye aliyevaa jezi ya Kenya Ice Lions mwaka 2018, yeye na Sidney Crosby, wachezaji wa Nairobi walipopelekwa Toronto kucheza mechi yao ya kwanza dhidi ya timu nyingine. Vijana wale walijifunzia kwenye kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, wakicheza wao kwa wao kwa kukosa mpinzani. Mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Kwa hiyo wapo wasomaji wangu ambao MacKinnon si jina la mbali kwao.

Bei nafuu, hata hivyo, ina tarehe ya mwisho. Mkataba wa Toews wa milioni 4.1 ulimalizika 2024, na Colorado hawakungoja usuluhishi wala dakika za mwisho. Oktoba 2023 walikubaliana naye miaka saba mingine, milioni 7.25 kwa mwaka. Wapo walioshtuka. Mimi nilichukua kalamu. Milioni 4.1 ndani ya kikomo cha 81.5 ni asilimia 5. Milioni 7.25 ndani ya kikomo cha 88, ambacho ndicho cha msimu mkataba ulipoanza kufanya kazi, ni asilimia 8.2. Msimu wa 2025–26 kikomo ni milioni 95.5, na kwa 2026–27 ligi imetangaza 104; mshahara uleule unashuka hadi asilimia 7. Kikomo kinapopanda namna hii, kila mkataba mrefu uliosainiwa jana unazidi kuwa nafuu bila mtu kugusa kitu. Ndiyo maana meneja anayebishiwa hodi leo kwa ajili ya beki mwenye miaka minne au mitano iliyobaki ana sababu kubwa zaidi ya kutulia kuliko aliyokuwa nayo mwenzake wa 2020. Njaa ya kikomo kilichoganda imekwisha. Anayeuza sasa auze kwa kupata kama alichopata Nashville, mtu wa nafasi asiyokuwa nayo kabisa, na awe na mabeki wengine wa kweli nyuma ya anayeondoka.

Toews atafikisha miaka 37 mkataba wake mpya ukiwa katika msimu wa mwisho, 2030–31. Kati ya sasa na wakati huo miguu itapungua kasi na mshahara utabaki palepale, na Colorado watajikuta upande ule ambao Islanders walikuwa na Boychuk. Mkataba wa sasa wa Makar unaisha 2027, na yeye hatakubali tena milioni 9. Kwa hiyo mahali fulani, katika timu ya chuo au klabu ya daraja la chini, yuko beki wa kushoto wa miaka 23 aliyechaguliwa raundi ya nne, ambaye Colorado wanapaswa kuwa wanamtazama tayari.